Saa ya viza ianze kuhesabiwa siku ya ndoa

Barabara ya Alum Rock, inayokatiza Saltley mashariki mwa jiji la Birmingham, inajulikana kwa mavazi ya harusi. Maduka ya lehenga na shali za kudarizi yamepangana na ya masonara, na wanunuzi hutoka hata miji mingine ya Uingereza. Wakazi wengi wa eneo hili asili yao ni Pakistani, hasa Mirpur, ambako ujenzi wa bwawa la Mangla miaka ya 1960 uliwahamisha watu zaidi ya 100,000, na wengi miongoni mwao wakafuata kazi za viwandani Uingereza. Jiji hilohilo lina Wasomali, Wakongo na Wahindi waliozaliwa Kenya na Uganda. Kwa jamii zote hizo ndoa mara nyingi huunganisha nchi mbili: mmoja yuko Birmingham, mwenzake yuko Mirpur, Hargeisa, Mombasa au Unguja.

Akidi ya ndoa husomwa kwa siku moja. Kuanza kuishi nyumba moja ni jambo la miezi, na kwa wengi ni la miaka.

Serikali ya Uingereza ikiulizwa mke au mume wa kigeni husubiri viza kwa muda gani, hujibu kwa wiki. Kipimo kilikuwa wiki 12 tangu maombi kupokelewa. Mwaka 2022, maofisa walipohamishiwa kwenye maombi ya watu waliokimbia vita Ukraine, kipimo kikapandishwa hadi wiki 24, na huduma ya kulipia zaidi ili kujibiwa haraka ikasimamishwa kwa wanandoa. Watu wa Ukraine walistahili msaada ule. Lakini serikali haikuongeza maofisa wa kutosha kuubeba mzigo huo, na waliosukumwa nyuma ni waume na wake ambao tayari walikuwa wamelipa ada na kutimiza kila sharti.

Hata hivyo wiki hizo, ziwe 12 au 24, huwa ndiyo sehemu fupi ya kusubiri. Sehemu ndefu hutangulia, kabla fomu haijajazwa, na hakuna ofisi inayoihesabu. Haikuletwa na uzembe wa karani wala wingi wa mafaili. Imewekwa na kanuni, na kilichowekwa kwa kanuni kinaweza kuondolewa kwa kanuni.

Tangu tarehe 9 Julai 2012, raia wa Uingereza au mkazi wa kudumu anayetaka kumleta mwenza wake kutoka nje lazima athibitishe kipato maalumu. Kiwango cha kwanza kilikuwa pauni 18,600 kwa mwaka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walikadiria kwamba takriban asilimia 40 ya Waingereza walioajiriwa hawakukifikia hata hicho. Desemba 2023, James Cleverly, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, akatangaza kwamba kitapanda hadi pauni 38,700. Malalamiko yakawa makubwa, serikali ikakubali kupanda kwa hatua, na tarehe 11 Aprili 2024 hatua ya kwanza ikafika pauni 29,000. Chama cha Labour kilipoingia madarakani Julai 2024 kilisimamisha hatua zilizobaki, lakini ile ya kwanza kikaiacha ilipo.

Pauni 29,000 ni nyingi kiasi gani kwa mtu wa Saltley? Chukua mfano wa mfanyakazi wa ghala, au mhudumu katika nyumba ya wazee, anayelipwa kima cha chini. Aprili 2025 kima hicho kilifika pauni 12.21 kwa saa. Kwa kiwango hicho, akifanya kazi saa 37 na nusu kwa wiki, wiki zote 52, atapata takriban pauni 23,800 kwa mwaka. Bado anapungukiwa na pauni 5,000 na ushei. Mtu huyu ana ajira, analipa kodi na hadaiwi na yeyote. Sheria ya kazi inamwambia mshahara wake ni halali. Kanuni ya uhamiaji inamwambia mshahara huohuo haumpi haki ya kuishi na mkewe.

Lipo dirisha la akiba. Asiyefikia kipato anaweza kuonyesha pauni 88,500 zilizokaa benki kwa miezi sita mfululizo. Katika mtaa wa wafanyakazi, dirisha hilo limefungwa kwa karibu kila mtu.

Tena mshahara unaotazamwa, kwa kawaida, ni wa mtu aliyeko Uingereza tu. Muuguzi wa Dar es Salaam, mwalimu wa Mombasa au mhandisi wa Kampala huhesabiwa kana kwamba hana mshahara, hata kama ujuzi wake unahitajika Birmingham wiki ileile atakayoshuka kwenye ndege. Uthibitisho wenyewe una masharti makali: hati za mshahara za miezi sita kutoka kwa mwajiri mmoja, na zisiwe zimepitwa kwa zaidi ya siku 28 siku ya kuomba. Akihamia kazi nyingine katikati, ama anaanza upya kuhesabu miezi sita, ama anaonyesha mapato ya miezi 12. Dereva wa teksi aliyejiajiri hulazimika kuonyesha mwaka mzima wa hesabu za kodi. Hivyo mtu aliyefunga ndoa Januari anaweza kufika Desemba hajapata hata ruhusa ya kuanza kuomba.

Upande wa pili wa bahari nako kuna orodha. Mwombaji aliyeko Tanzania, Kenya au Uganda hupimwa kifua kikuu katika kituo kilichoidhinishwa, na cheti chake hudumu miezi sita. Hufanya mtihani wa Kiingereza cha ngazi ya mwanzo, sharti lililoanza Novemba 2010. Hutafuta cheti cha ndoa kinachokubalika kiserikali, na waliooana mbele ya shehe bila kuandikisha hugundua hapo kwamba karatasi ya msikitini haitoshi. Shida ni kwamba nyaraka hizi lazima zikutane kwa wakati. Hati za mshahara za Birmingham zikichelewa, cheti cha kifua kikuu cha Dar es Salaam kinaisha muda, nacho hulipiwa tena.

Kisha zije fedha. Kwa viwango vya Aprili 2025, ada ya maombi kutoka nje ilikuwa pauni 1,938. Juu yake kuna malipo ya huduma ya afya, pauni 3,105 kwa viza ya miezi 33. Jumla ni pauni 5,043, kwa mtu mmoja, kabla ya nauli, wakili, mtihani na tafsiri. Viza ikikataliwa, malipo ya afya hurudishwa. Ada ya maombi imekwenda. Anayelipwa kima cha chini huweka akiba hiyo kidogo kidogo, na muda wa kuikusanya nao ni kusubiri, ingawa hauonekani katika takwimu yoyote ya wizara.

Wanaoumia zaidi hawakutia saini popote. Mtoto anayezaliwa Tanga kwa baba aliyezaliwa Birmingham na mwenye uraia wa Uingereza huwa raia wa Uingereza tangu kuzaliwa. Pasipoti yake inamruhusu kuingia Saltley wakati wowote. Mama anayemnyonyesha haruhusiwi. Familia hubaki na machaguo mawili: mtoto akue bila baba, au apelekwe kwa baba akue bila mama. Septemba 2015 ofisi ya Kamishna wa Watoto wa England ilichapisha utafiti uliokadiria kwamba watoto wapatao 15,000 wameathiriwa na kanuni za 2012, wengi wao raia wa Uingereza, wakimjua mzazi mmoja kupitia kioo cha simu au kompyuta. Kiwango kilikuwa pauni 18,600 wakati huo.

Saltley si mtaa mgeni katika habari za wafanyakazi na mishahara yao. Tarehe 10 Februari 1972, wakati wa mgomo wa wachimba makaa ya mawe, maelfu ya wafanyakazi wa viwanda vya Birmingham waliacha mashine zao, wakaandamana hadi bohari ya makaa ya koki ya Saltley, na polisi wakalazimika kufunga milango yake. Tukio hilo limeingia katika vitabu vya historia ya Uingereza. Viwanda vingi vilivyowaleta wazee wa Mirpur vimekwisha, na kazi zilizobaki kwa wajukuu wao ni maghala, teksi, maduka na huduma za wagonjwa. Kanuni ya pauni 29,000 inawaangukia watu hao kabla ya wengine wote.

Mwaka huohuo wa 1972, Kampala ilishuhudia jambo ambalo Afrika Mashariki haikulizungumza vya kutosha. Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 kuondoka Uganda, wapo waliokuwa wameoana huku pasipoti zao zikitofautiana: mke ana pasipoti ya Uingereza, mume hana uraia wowote unaotambuliwa. Wanawake wengi wa namna hiyo walipokewa Uingereza pamoja na watoto. Waume walipelekwa katika vituo vya muda vya Umoja wa Mataifa huko Austria, Italia, Malta, Hispania na Ubelgiji. Familia ziliondoka Entebbe siku chache zikipishana, zikajikuta katika nchi mbili za Ulaya zikiandikiana barua.

Sababu yake ilikuwa kanuni. Januari 1969, James Callaghan, Waziri wa Mambo ya Ndani, aliwazuia wanawake wanaoishi Uingereza kuleta waume kutoka nchi za Jumuiya ya Madola, huku wanaume wakiruhusiwa kuleta wake. Hoja ilikuwa kwamba mwanamume anakuja kutafuta kazi na mwanamke anakuja kutunza nyumba. Roy Jenkins aliondoa zuio hilo mwaka 1974, likarudishwa kwa sura nyingine mwaka 1980.

Walioling'oa ni wanawake watatu. Nargis Abdulaziz, mzaliwa wa Malawi mwenye asili ya Kihindi, Arcely Cabales wa Ufilipino na Sohair Balkandali wa Misri walikuwa wakiishi Uingereza kihalali, na wote walinyimwa haki ya kukaa na waume zao. Walikwenda Strasbourg, na tarehe 28 Mei 1985 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ikahukumu kwamba Uingereza ilikuwa imewabagua kwa jinsia. Serikali ilikuwa na njia mbili za kutii hukumu hiyo: kuwalegezea wanawake masharti, au kuwakazia wanaume. Ilichagua ya pili.

Historia hiyo inafaa kukumbukwa na kila anayeambiwa leo kwamba masharti haya ni utaratibu wa kawaida usio na mwenyewe. Yana mwenyewe, na yana tarehe. Wazee watamwambia bi harusi kwamba subira yavuta heri, nao wanasema kwa nia njema. Lakini kila mara foleni hizi zilipofupishwa, ni kwa sababu kuna mtu aliyekataa kukaa kimya.

Anwar Ditta ni mmoja wao. Alizaliwa Birmingham mwaka 1953, akakulia kwa sehemu Pakistani, akaolewa huko, kisha akarudi Uingereza na kuishi Rochdale. Alipoomba watoto wake watatu wamfuate, wizara ilisema haiamini kwamba ni wake. Alizunguka nchi nzima akihutubia mikutano, na mwaka 1981 kipindi cha televisheni cha World in Action kikagharimia vipimo vya damu vilivyothibitisha alichokuwa akisema miaka yote. Watoto wakafika mwaka huohuo. Walikuwa wametenganishwa na mama yao kwa miaka ambayo hakuna hukumu iliyoweza kuirudisha.

Wanaotetea kiwango cha mapato wana hoja mbili, na zote zinastahili jibu.

Ya kwanza ni kwamba mlipa kodi asibebeshwe familia isiyojiweza. Ni hoja ya haki, lakini tayari ina kinga yake: viza ya mwenza inakataza kupokea posho za serikali, na mwenye viza hiyo amekwisha kulipia huduma ya afya mapema, pamoja na kodi atakayokatwa akipata kazi. Kumweka nje hakuokoi fedha hizo. Mara nyingine kunaongeza gharama, kwa kuwa mzazi aliyebaki peke yake na watoto Birmingham hupunguza saa za kazi ili awalee, akazidi kuwa mbali na pauni 29,000.

Ya pili ni ndoa za kulazimishwa. Zipo, na kuzikana ni kuwaacha wasichana peke yao. Ila kigezo cha fedha hakitofautishi msichana aliyelazimishwa na aliyechagua. Kinatofautisha maskini na mwenye kipato. Jaribio la namna hii lilikwisha kufanyika. Mwaka 2008 serikali ilipandisha umri wa wanandoa kwa ajili ya viza kutoka miaka 18 hadi 21, ikisema inazuia ndoa za kulazimishwa. Oktoba 2011 Mahakama ya Juu, katika shauri la kijana wa Chile aliyeitwa Diego Aguilar Quila na mkewe Mwingereza, iliamua kwamba kanuni hiyo iliwaumiza wanandoa wengi waliopendana kwa hiari bila ushahidi wa kutosha kwamba iliwakinga waliolazimishwa.

Mahakama hiyohiyo, Februari 2017, ilikubali kwamba serikali inaweza kuweka kiwango cha mapato, lakini ikasema kanuni hazikuyapa maslahi ya watoto uzito unaotakiwa kisheria. Juni 2025 Kamati ya Ushauri wa Uhamiaji, wakati huo ikiongozwa na Profesa Brian Bell na ikiwa imeagizwa na serikali yenyewe, ikatoa ripoti. Ilikataa pauni 38,700, ikionya kwamba kiwango hicho kinaweza kugongana na haki ya maisha ya familia. Ilieleza kwamba kati ya pauni 23,000 na 25,000 kungewezesha familia kujitegemea bila kumtaka mtu apate zaidi ya kima cha chini cha mshahara. Na kwa wanaoogopa idadi ya wageni, ilikadiria kwamba kushusha hadi takriban 24,000 kungeongeza uhamiaji halisi kwa kati ya asilimia 1 na 3.

Miezi mitatu baadaye mambo yakaelekea upande mwingine. Tarehe 4 Septemba 2025 serikali ilisimamisha maombi mapya ya njia ya kuunganisha familia za wakimbizi, iliyokuwa haina ada wala kiwango cha mapato. Mkongo au Msomali aliyepewa hifadhi Birmingham, ambaye mkewe yuko kambini Kakuma au Nyarugusu, kuanzia siku hiyo akaelekezwa kwenye mlango uleule wa pauni 29,000. Mtu aliyekimbia vita akatakiwa aonyeshe hati za mshahara za miezi sita ili familia yake iliyobaki kambini imfuate.

Afrika Mashariki nayo ina deni lake hapa. Sheria ya Uraia ya Tanzania ya mwaka 1995 inampa mwanamke mgeni aliyeolewa na Mtanzania njia ya kuomba uraia kwa msingi wa ndoa. Mwanamume mgeni aliyemwoa Mtanzania hana njia hiyo. Ni ubaguzi uleule ambao Strasbourg iliuhukumu mwaka 1985. Kenya imetangulia: Katiba ya 2010 inampa haki ya kuandikishwa kuwa raia yeyote aliyeishi katika ndoa na Mkenya kwa miaka saba, awe mume au mke. Serikali zinazowatetea raia wao mbele ya ubalozi wa Uingereza zitasikika vizuri zaidi zikiwa zimesafisha vitabu vyao.

Kwa Uingereza, yanayotakiwa ni machache na yanawezekana. Kiwango cha mapato kisizidi mshahara wa mtu anayefanya kazi saa zote kwa kima cha chini. Kipato na ajira ya mwenza aliyeko nje vihesabiwe. Ada isizidi gharama halisi ya kushughulikia faili. Mama mjamzito, na familia yenye mtoto ambaye tayari ni raia, watangulizwe bila kulipishwa zaidi. Na wizara ichapishe muda wa kusubiri kwa kila nchi, ili mwombaji wa Dar es Salaam ajue zamu yake badala ya kuungaunga uvumi wa WhatsApp.

Hakuna kati ya hayo linalongoja sheria mpya ya Bunge. Kanuni za uhamiaji hubadilishwa kwa taarifa ambayo waziri huiwasilisha bungeni. Ndivyo pauni 18,600 zilivyogeuka 29,000 mwaka 2024. Waziri wa Mambo ya Ndani aliyeteuliwa tarehe 5 Septemba 2025, siku moja baada ya njia ya wakimbizi kusimamishwa, ni Shabana Mahmood. Alizaliwa Birmingham, wazazi wake wana asili ya Pakistani, na tangu 2010 ni mbunge wa Birmingham Ladywood. Haihitaji kuelezwa na mshauri maisha ya mtaa kama Saltley yalivyo.

Wanandoa wa mtaa huo, na Waswahili wote walio katika hali yao, wanaweza kumrahisishia yeye na wabunge wengine kazi. Wanapoandika kwa mbunge wao, waweke tarehe tatu: ya ndoa, ya kuwasilisha maombi, na ya kupata viza au kukataliwa. Takwimu za wizara huanza na tarehe ya pili. Barua zenye tarehe zote tatu zikijaa ofisini mwa wabunge wa Birmingham, ile miezi na miaka ya kati ya ndoa na maombi itaanza kujadiliwa bungeni kwa hesabu kamili.